Kuuliza Si Ugomvi: Mabati, Kalavati na Zahanati Yetu

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama, Dar es Salaam. Yamechapwa humu kwa ombi la wanachama.)



 

Watani wetu Wachagga wana msemo wao juu yetu. Wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Miaka yote niliyofanya kazi hapa mjini nilikuwa nikiusikia na kucheka. Mwaka huu Mpare huyo nimekuwa mimi, na kuku wenyewe walikuwa mabati 24.

Wengi wenu mnajua habari hii kwa video ya dakika mbili iliyozunguka kwenye simu zenu mwezi Januari. Mlimwona mama mmoja amesimama katikati ya mkutano wa kijiji ana daftari mkononi, na Diwani ameshika kipaza sauti, na watu wanapiga kelele. Mama yule ni mimi. Diwani yule amekaa pale meza ya pili. Leo asubuhi nilimpigia simu nikamwambia, "Mwanangu, nataka kuyasema yote mbele ya watu, na yako na yangu." Akanijibu, "Sema, shangazi, ila nami nitakuwepo kukusikiliza." Kwa hiyo ninasema kwa ruhusa yake, na nikikosea atanisahihisha kabla chakula hakijaletwa.

Nimeombwa niseme kwa sababu moja. Mweka hazina wetu ameeleza kwamba tangu video ile itoke, ahadi nyingi za zahanati hazijalipwa. Watu wanasema, "Kama huko nyumbani wanagombana hadharani, sisi tunatoa ya nini?" Swali hilo ni halali, na anayeliuliza si mbaya. Nimekuja kulijibu.

Nianze na zahanati yenyewe, kwa faida ya vijana waliozaliwa hapa. Kijiji chetu kiko juu milimani. Mama mjamzito akizidiwa usiku, hubebwa kwa machela mpaka mahali gari linapofika, kisha ndipo safari ya gari ianze. Wapo kati yetu waliozaliwa njiani, na wapo waliopoteza mama zao njiani. Ndiyo maana mwaka juzi chama hiki kilichanga shilingi milioni 18.4. Huko nyumbani kila kaya ilitoa shilingi 10,000, na msaragambo ukapigwa kama enzi za babu zetu: mawe yakapandishwa kichwani, mchanga ukatolewa mtoni, akina mama wakabeba maji. Boma likasimama mpaka kwenye linta.

Mwezi Juni mwaka jana Serikali ikaleta shilingi milioni 50 za kukamilisha boma lile. Tulishangilia. Mheshimiwa Diwani alipanda juu ya kiti akasema, "Ndugu zangu, nimewaletea milioni 50!" Nami nilipiga vigelegele. Kumbe ugomvi wetu ulianzia kwenye neno lile lile, "nimewaletea", ingawa siku ile hakuna aliyelitambua.

Mwezi Januari uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji akasoma mapato na matumizi. Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 31, sikio langu likisikia tarakimu linasimama lenyewe. Nikaandika. Mapokezi, 50,000,000. Mabati, mbao na misumari, 16,800,000. Saruji, nondo, sakafu na lipu, 9,400,000. Milango na madirisha, 7,500,000. Ufundi, 7,300,000. Kisha sauti ya mtendaji ikashuka kidogo: usafiri na mengineyo, 9,000,000. Jumla milioni 50. Salio, hakuna.

Jengo lenyewe lilikuwa halina dari. Halikuwa na tangi la maji, wala shimo la kutupia kondo la nyuma, wala kichomea taka. Baraza la mbele, ambalo wagonjwa wangekaa kusubiri, lilikuwa wazi, jua na mvua ni vyake. Na bila vitu hivyo zahanati haifunguliwi. Ilikuwa jengo zuri lenye kufuli.

Nilisimama nikauliza maswali mawili. La kwanza: haya mengineyo ya milioni 9 ni nini? La pili: mmetusomea kwamba yalinunuliwa mabati 210. Mimi jana nimepanda kilima cha nyuma nikahesabu paa lote, nikarudia mara tatu, nikapata 186. Mabati 24 yako wapi?

Hapo ningeketi, ningekuwa nimefanya kazi ya raia mwema. Lakini sikuketi. Niliongeza neno moja. Nilisema, "Huu ni wizi."

Mheshimiwa Diwani akachukua kipaza sauti. Naye angejibu maswali mawili, ingekwisha. Lakini akasema, "Shangazi, wewe umekaa Dar es Salaam miaka 30, barabara hii hujaipita kwa miguu, leo umestaafu unakuja kutufundisha. Nani amekutuma?" Watu wakagawanyika. Nusu wakapiga makofi, nusu wakazomea. Kijana mmoja akawasha simu. Hayo ndiyo mliyoyaona nyinyi. Jibu la maswali yangu mawili halimo kwenye video, kwa sababu siku ile halikutolewa.

Nilirudi nyumbani nimeumia. Usiku sikulala. Kesho yake dada yangu mkubwa akanipikia makande, akaniambia, "Umesema mwizi. Una karatasi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na hesabu ya mabati tu. Karani wa hesabu wa miaka 31 alimwita mtu mwizi bila hati. Kazini ningemfukuza kijana wangu kwa kosa hilo.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya kwanza. Nikaandika barua kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata, kuomba kuona hati za mradi. Ndugu zangu, wengi hatujui kwamba tuna sheria ya jambo hili. Inaitwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya mwaka 2016. Inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na inaipa mamlaka hiyo siku 30 kujibu. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja, haina tusi. Wiki ya nne nikaitwa ofisini. Nikawekewa mezani stakabadhi, leja, na daftari la kamati ya mapokezi. Nilikaa siku mbili nikisoma, na mtendaji, kijana mwenye adabu, akanipa chai.

Niwaambie nilichokikuta, bila kuficha.

Mabati 210 yalinunuliwa kweli, na kamati ya mapokezi iliyapokea yote na kuyasaini. Mwezi Agosti upepo ulikuwa umeng'oa paa la darasa moja la shule ya msingi, watoto wakawa wanasomea chini ya mti. Mabati ya zahanati yalipofika Septemba, Mwenyekiti wa Kijiji aliwaazima shule mabati 24 ili darasa liezekwe kabla ya mvua za vuli. Mwalimu Mkuu aliyaandika kwenye daftari la shule. Kwenye daftari la kijiji hakuna aliyeandika. Basi mabati yangu 24 yalikuwa juu ya vichwa vya wajukuu zetu wakati wote ambao mimi nilikuwa nikiyatafuta mfukoni mwa Diwani.

Hilo ni la kwanza, na katika hilo mimi ndiye niliyekosea.

La pili ni yale mengineyo. Katika milioni 9, usafiri ulikuwa milioni 3.6, na risiti zake zipo. Iliyobaki, milioni 5.4, haikununua hata msumari wa zahanati. Ilijenga kalavati. Mnalijua lile korongo la kona ya mwisho kabla ya kupandisha. Mwezi Oktoba lori la saruji lilizama pale kwa mvua ya kwanza ya vuli. Mifuko mingine ikalowa, mingine ikabebwa kichwani. Diwani akaomba barabara itengenezwe, akaambiwa asubiri bajeti ya mwaka unaofuata. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, yeye na Mwenyekiti wa Kijiji na fundi wakakaa chini ya mti, watu watatu, wakaamua: kijiko kikodiwe siku mbili, kalavati lijengwe, na fedha zitoke kwenye zahanati. Hakuna kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoitishwa. Hakuna muhtasari. Barua ya kuomba kibali kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli wa fedha zile, haikuandikwa. Ndiyo maana ilipofika kusoma hesabu, ikabidi jambo jema liitwe "mengineyo".

Mkutano uliofuata ulikuwa mwezi Aprili. Nilisimama kabla ya ajenda. Nikasema, "Januari nilisema wizi. Nimesoma hati zote. Hakuna wizi. Neno lile nalirudisha, na Mheshimiwa Diwani namwomba radhi mbele ya watu walewale walionisikia." Watu wakanyamaza. Kisha nikasema, "Maswali yangu siyarudishi. La mabati limejibiwa. La milioni 5.4 bado, na nataka lijibiwe na aliyeamua."

Nawaambieni, Mheshimiwa Diwani alisimama akajibu kama mwanaume. Alisema, "Shangazi, nimepokea. Fedha zile niliamua mimi na wenzangu wawili. Bila kalavati lile saruji isingefika, na paa lisingekuwepo leo. Hata zahanati ikiisha, gari la wagonjwa litapita wapi? Mambo yakirudi kama yalivyokuwa, nitajenga kalavati tena. Kosa langu ni moja, sikuwaita nyinyi."

Nami nikamjibu kwamba sikubaliani naye. Fedha zilizotolewa kwa zahanati ni za zahanati. Barabara ina fungu lake na wenye kuisimamia. Leo kiongozi mwema akihamisha fedha kwa nia njema bila kuuliza, kesho kiongozi mwingine atahamisha kwa nia nyingine, na atatuonyesha kidole: mbona yule mlimwacha? Tena mama anayejifungua usiku hatajali kwamba kalavati ni zuri kama chumba cha kujifungulia hakina maji.

Tulibishana nusu saa, safari hii bila kuulizana nani katumwa. Mwisho Mwenyekiti akaita kura ya mikono: je, kijiji kinaridhia matumizi ya kalavati? Ndugu zangu, nilishindwa. Mikono mingi iliunga mkono kalavati. Nilihesabu mwenyewe, na safari hii sikuhitaji kurudia mara tatu. Lakini mkutano huohuo, kwa kauli moja, uliamua mambo mengine mawili. Shule irudishe mabati 24 kwa mpango wa kamati yake. Na kuanzia siku ile fedha yoyote ya mradi isihamishwe kwenda kazi nyingine mpaka wenye kijiji waulizwe kwanza, kabla ya kuombewa kibali huko wilayani.

Mabati yamesharudishwa, na baraza la zahanati limeezekwa. Masika yamepita, kalavati halijatikisika. Nalo tangi la maji bado halipo. Yote matatu ni kweli. Mimi bado nasema nilichosema, naye bado anasema alichosema. Jumapili tunaketi benchi moja.

Sasa nataka kusema kwa nini nasimulia haya mbele yenu, wala si kuwapa tu taarifa ya ujenzi.

Wapo walioniambia, hata ndugu wa karibu, kwamba nimeaibisha kwetu. Kwamba mambo ya nyumbani yasemwe nyumbani, na mkubwa hakosolewi mbele ya watu. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha historia yetu. Babu zetu Upareni walipoletewa ile kodi ya mbiru miaka ya 1940, kodi ya kumpima kila mtu kwa mali yake, hawakunung'unikia chumbani. Walitaka kujua mali inapimwaje, nani anapima, na kwa kipimo gani. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa gizani. Mwaka 1945 waliteremka milimani kwa maelfu wakaenda kukaa Same, makao makuu ya Wilaya ya Pare ya wakati ule, kabla haijagawanywa kuwa Same na Mwanga. Akina mama nao wakaingia katika mapambano yale. Haikuisha kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja, lakini mwisho kodi ile iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upareni, aliiandikia kitabu mwaka 1971, na vijana wetu wakisome. Kwa hiyo mtu akisema kuuliza habari za fedha ni ugeni wa mjini, hajui alikotoka.

Tena babu zetu hao waliwauliza watawala ambao hawakuwapigia kura. Sisi tunamuuliza mtu tuliyemchagua kwa mikono yetu. Kipi ni rahisi zaidi?

Na sheria iko upande wetu. Katiba ya nchi, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 27 inatupa wajibu wa kulinda mali ya umma na mali tunayoimiliki kwa pamoja. Angalieni, hapo Katiba haikusema haki tu, imesema wajibu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Mkutano ule si wa kusikiliza hotuba. Ndiyo mamlaka ya juu ya kijiji. Mtu mzima anayekaa nyumbani siku ya mkutano, kisha jioni akasema "wamekula", anatupa haki yake kisimani.

Lakini niseme na upande wa pili, maana nimeahidi kusema yake na yangu.

Kiongozi wa kuchaguliwa naye ana haki. Ana haki ya kuulizwa kwa hesabu na si kwa uvumi. Ana haki ya kutoitwa mwizi mpaka hati iseme. Ana haki ya kuamua vingine kuliko ninavyotaka mimi, mradi aamue mbele ya watu. Nilipokuwa nikimhesabia mabati, sikuwa nimewahi kumuuliza hata mara moja usiku wa lori alilala wapi. Alilala korongoni na fundi, wakifunika saruji kwa maturubai. Hilo halimo kwenye leja, lakini lilitokea. Halifuti swali la milioni 5.4. Lingenizuia tu kutamka lile neno moja.

Na viongozi wetu nao, nawaomba kwa heshima, waache neno "nimewaletea". Milioni 50 zile hazikutoka mfukoni kwa mtu. Zilitoka kwenye sukari ninayonunua, kwenye mafuta ya bodaboda, kwenye mishahara yenu nyinyi mlio hapa. Kiongozi anayeamini ameleta fedha zake ataona swali ni matusi. Akijua analinda fedha za watu, swali ataliona ni sehemu ya kazi. Mheshimiwa Diwani, sikusemi wewe peke yako. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele.

Kwetu kuna shule ya jambo hili, nayo ni ndiva. Mmekulia pembeni mwa ndiva. Maji ya mfereji hugawiwa kwa zamu, kila mtu anajua zamu ya mwenziwe, na wote wanaona maji yanakokwenda. Mtu akifungulia maji usiku kwenda shambani kwake, hata kama migomba yake ilikuwa inakauka kweli, asubuhi ataitwa. Hataitwa kwa sababu wanamchukia. Ataitwa kwa sababu maji yale ni ya wote, na aliyekuwa na shida angesema, wangempa. Kalavati lile lilikuwa maji ya usiku. Shida ilikuwa ya kweli. Angesema, tungempa; kura imeonyesha hivyo.

Sasa nirudi kwenye swali la wale ambao hawajalipa ahadi: "Kama wanagombana, tunatoa ya nini?"

Jibu langu ni hili. Ndugu zangu, msiogope kijiji kinachouliza. Muogopeni yule anayesomewa "mengineyo, milioni 9" halafu anapiga makofi na kwenda kunywa chai. Fedha yenu iliyo salama zaidi ni ile inayopita mbele ya macho ya watu wakaidi kama mimi. Miaka mitatu iliyopita tulituma fedha na kupokea picha ya jengo. Leo mtatuma fedha na kupokea hesabu.

Kamati ya Chama imekubali masharti manne, na Serikali ya Kijiji imeyapokea. Moja, kila fedha ya Chama itaingia benki kwa akaunti ya mradi, haitapita mkononi mwa mtu. Mbili, kila mwezi mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na nakala kutumwa kwenye kundi letu la simu. Tatu, hakuna fungu la "mengineyo". Kila kitu kitaitwa kwa jina lake, hata kama ni chai ya mafundi. Nne, kubadilisha matumizi ni kwa mkutano mkuu wa kijiji, na kwa barua kwa Chama. Ubao umeshapigwa misumari. Aliyetoa mbao za ubao ule ni Mheshimiwa Diwani, na risiti yake imebandikwa juu ya ubao huohuo. Mimi ndiye niliyemdai.

Kinachobaki ili kufuli litoke ni hiki. Dari, 4,200,000. Tangi la maji la lita 5,000 na mnara wake, 2,900,000. Kichomea taka na shimo la kondo la nyuma, 4,500,000. Umeme wa jua kwa chumba cha kujifungulia na chumba cha dawa, 3,000,000. Jumla ni shilingi 14,600,000. Nimejumlisha mara tatu, na Mheshimiwa Diwani amejumlisha mara moja, tumepata sawa.

Mwezi wa saba mama mmoja kijana wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu saa tisa usiku. Walimpitisha kwa machela mbele ya zahanati ile ile, mbele ya paa jipya la mabati 210, mbele ya kufuli. Gari lilimkuta kwenye kalavati. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilipoambiwa nilikaa kimya muda mrefu. Bila kalavati gari lisingefika pale. Zahanati ingekuwa wazi, asingehitaji gari. Mimi na Diwani tunaweza kubishana juu ya usiku ule mpaka tuzeeke, na huenda tutabishana. Lakini hakuna kati yetu anayetaka mama mwingine apitishwe tena mbele ya kufuli.

Kwa hiyo nawaomba. Aliyeahidi, alipe. Ambaye hakuahidi, aahidi leo. Ukitoa shilingi 10,000, ubao utaandika shilingi 10,000. Ukitoa milioni, ubao utaandika milioni. Na ukija nyumbani Desemba, usiende moja kwa moja kwenye ng'ombe na pombe ya ndugu. Pitia ofisi ya kijiji. Soma ubao. Panda kilima cha nyuma uhesabu unachotaka kuhesabu. Ukikuta kisichoeleweka, uliza, ukiwa na karatasi mkononi, na uulize mchana.

Mimi naanza. Natoa shilingi 200,000 kutoka kwenye pensheni yangu, naomba risiti. Mheshimiwa Diwani ameniambia atatoa kiasi hichohicho, hataki azidiwe na shangazi yake. Naye ataomba risiti.